Nilivyompa Daktari Masika citation za akina Masika wote

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Hii sikusimuliwa na mtu. Mkono uliobonyeza ni huu huu ninaoandikia.

Mimi ni mtoto wa kambini. Baba alikuwa askari kutoka kaskazini, akahamishiwa Kasese, magharibi mwa Uganda, nikakulia hapo.

Sasa ni msaidizi wa Daktari Masika, mtafiti mmoja mkali kuliko sajenti meja. Tunapima kichocho kwa wakulima wa mpunga wa Mubuku. Kazi yangu ni kubeba vikopo vya mikojo ya watu kwenye bodaboda. Msicheke, ndiyo sayansi hiyo.

Daktari alikuwa ameomba uprofesa mara mbili, chuo kikamnyima. Sababu ileile: citation chache. Yaani watafiti wenzake hawamtaji kwenye kazi zao. Usipotajwa, hata ukanyage tope lote la mashamba ya Karusandara, huonekani.

Mwaka huu akaomba tena. Akaniambia, "Afande, nitengenezee profile kwa internet. Haraka." Afande ni mimi, ananitania kwa sababu ya kambi.

Nikafungua mtandao, nikaandika J. Masika. Ikaja orodha ndefu ya makala za utafiti na swali: hizi zote ni zako?

Wakuu, nilikuwa na njaa na rolex yangu, chapati ya mayai mawili, inapoa mezani. Nikabonyeza ndiyo kwa zote.

Kufika saa kumi namba zilikuwa za mtafiti mkubwa wa Geneva. Daktari alipoziona akakaa chini. Mama huyo hajawahi kunisifu, lakini siku hiyo alinisifu mbele ya ofisi nzima, nami nikavimba kichwa. Akampigia mama yake kule kijijini Bwera, na Jumapili tukaitwa kwenye chakula cha shukrani. Kamati ya uprofesa ilikuwa ikutane Jumanne.

Kule Bwera ndiko mambo yalikoharibika.

Mama mzee alisimama mlangoni akaita, "Masika! Leta maji!"

Wakaitika wanawake watano.

Jamani! Kwa Wakonzo, watu wa milima hii, binti wa kwanza ni Masika. Kila nyumba ina Masika wake, na ng'ambo ya mpaka hadi Butembo, Kongo, ni hivyo hivyo. Nimeishi nao maisha yangu yote, na sikuwahi kujiuliza kama ule mtandao unajua kuwatofautisha.

Nikajificha nyuma ya nyumba na simu. Makala za kichocho zilikuwa tisa tu. Zilizobaki: minyoo ya mbuzi, ndoa za Kikatoliki, zege la madaraja. Ya zege ndiyo iliyotajwa kuliko zote.

Nikinyamaza, Jumanne Daktari anaulizwa habari za zege na jina lake linaharibika kabisa. Nikisema, kazi yangu imekwisha. Niliogopa, siwafichi. Nikamwita Daktari pembeni, nikamwambia.

Akaninyang'anya simu, akaipitia orodha. "Afande, umenivalisha nguo za watu."

Mama yake akauliza kuna nini. Alipoelezwa hakusita, akajibu kwa Kiswahili chake cha mpakani. "Murudishe vitu ya batu. Bale ba Masika bengine nabo beko na bamama yabo."

Tukaketi tukaondoa moja moja, nyama ikipoa. Namba iliyobaki ilitia huruma.

Jumanne nilimsindikiza hadi chuoni, nikakaa nje ya mlango uliokuwa wazi. Mwenyekiti wa kamati akamuuliza, "Wiki iliyopita ulikuwa na citation nyingi sana. Zimeenda wapi?"

"Zimerudi kwa wenyewe," Daktari akasema, kisha akaeleza yote, kosa langu likiwemo. "Makala zangu ni hizi tisa. Kila mgonjwa aliyemo nimempima mwenyewe."



Mwenyekiti ni Profesa Bwambale. Bwambale nalo ni jina la kuzaliwa, la mtoto wa kiume wa pili. Nadhani mnaelewa sasa: kila nyumba ya Kikonzo ina Bwambale wake.

Profesa akavua miwani. Akaomba mapumziko ya dakika kumi, akatoka mbio na laptop kwapani.

Tulimngoja saa nzima.

Aliporudi, jasho linamtiririka, alisema safari hii kamati haitaangalia namba za mtu yeyote, itasoma kazi zenyewe. Wakasoma zote tisa. Daktari akapita. Nililia kama mtoto, na mimi ni baba wa watu.

Nilichojifunza: mtandao ukikuuliza kama kitu ni chako, kula kwanza, kisha usome.

Akina Masika, akina Bwambale na wenzenu wa majina ya kuzaliwa, kaangalieni profile zenu leo, halafu mje hapa mseme ukweli. Profesa, tunajua na wewe unasoma huu uzi.