Mwaka Tuliohesabu Watoto kwa Makumbi

Nyinyi vijana mnaosoma haya, mkiulizwa nyumbani kwenu mko wangapi mnajibu hapo hapo, hata kikombe hamjakiweka chini. Sisi haikuwa hivyo. Msicheke, someni kwanza.

Kijiji chetu kiko kusini, ukishaipita Jambiani. Mbele bahari, nyuma mawe. Udongo uko kwenye vishimo baina ya mawe, humo ndimo tunamopanda muhogo na mtama, na pengine ukipiga jembe linalia. Karafuu ziko upande wa magharibi, kwa wenye ardhi nene. Wanaume wetu walikuwa wakienda Pemba kuchuma, na baada ya Mapinduzi wengi wakapata kazi mjini, wakawa hawaonekani ila sikukuu. Nyumba nyengine zilibaki bibi na kuku.

Tulikuwa na darasa moja la makuti na mwalimu mmoja. Binti yangu wa pili alizaliwa mguu umepinda, lakini kwa kusoma alikuwa hashikiki. Ikaja habari kuwa karani anatoka mjini kuandika watoto wa kila kijiji. Wetu wakionekana wachache, mwalimu atahamishiwa kijiji cha pili, na njia ya huko ni mawe makali matupu. Binti yangu asingefika. Jembe hawezi kulishika, kitabu nacho wamnyang'anye?

Karani akaja, kijana wa mjini, viatu vinang'aa. Akanisalimu vizuri, akauliza, "Bi, una watoto wangapi?"

Mama mkwe akadakia kutoka ndani, "Wapo wa kutosha!"

"Wangapi, bibi?"

"Na wewe kwenu ukifika unamuuliza mama yako amebakisha wangapi?"

Kwetu mtoto hahesabiwi, wazee wanasema wakihesabiwa hupungua. Ukibanwa sana unamwacha mmoja, hesabu isitimie, na unayemwacha ni yule unayemwogopea zaidi. Watoto wangu walikuwa wanne. Nikasema watatu. Nilisema kwa ulimi wangu, hakunilazimisha mtu.

Adhuhuri mwalimu akaja mlangoni kwangu, uso kaukunja. "Bi, hawatoshi. Na binti yako simuoni kwenye karatasi."

Nikajua hapo hapo kuwa kila nyumba imefanya kama mimi. Karani alikuwa anaondoka na gari ya alasiri. Nikajifunga kanga kiunoni, nikateremka pwani. Bahari ilikuwa imetoka, wanawake wanafukua makumbi ya nazi waliyoyafukia mchangani yaoze, wayapige watoe usumba wa kusokota kamba.

Nikawaambia, "Watoto hatuhesabu, sawa. Makumbi je?"

"Makumbi si ndiyo tunayoyahesabu kila siku!" mmoja akajibu.

"Basi kila mtu aweke kumbi moja kwa kila mtoto wake. Asiseme kitu. Aweke tu."

Wakatazamana. Jirani yangu, mwanamke wa maneno, akasema, "Mie naweka na la mume wangu, maana na yeye namlisha!" Wakacheka, na kicheko kile kikatusaidia. La kwanza niliweka mimi, la binti yangu mwenye mguu. Mama mkwe alikuwa amesimama juu kidogo, mikono kaikunja. "Utakuja kulia," akaniambia.

Karani akaitwa. Akalitazama lile fungu. "Sasa ofisini niseme nimeandika makumbi?"

Mwalimu akamwambia, "Wewe hesabu. Majina nitakutajia mimi, nawajua mmoja mmoja."

Wakatosha. Mwalimu akabaki.

Lakini mvua za masika hazijesha, mtoto wa yule jirani yangu wa maneno akapata homa, akafa. Mama mkwe akasema matangani, watu wamejaa, "Si walihesabiwa?" Mimi nilikuwa nakoroga uji wa waliofiwa, nikaendelea kukoroga.

Jirani akanishika kanga nilipompelekea bakuli. "Usimsikilize. Mwanangu homa alikuwa nayo tangu kabla ya karani, mie ndiye niliyeficha." Sauti ilikuwa imemkauka. Mpaka leo sijui kama alisema kweli au alinionea huruma.

Nyumbani nikawakuta wanangu wananong'ona: karani akirudi, dada yao wamtie uvunguni. Mwenyewe yupo, kakaa juu ya mkeka, daftari liko mapajani, anawasikiliza kama anayesemwa ni mtu mwengine.

Nikasimama mlangoni, na mama mkwe nyuma yangu asikie. Nikasema, "Katika nyumba hii hafichwi mtu. Akija yeyote kuuliza, mtamtaja kila mmoja kwa jina lake, na huyu mtamtaja wa kwanza."