Salamu Isiyoitikiwa Juu ya Pipa

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo kila nikiikumbuka huwa naweka chini kwanza nilichoshika mkononi. Nimeikumbuka tena juzi, uliponieleza habari za yule kijana anayekukera kwenye lile kundi la kijiji la kwenye simu. Ulisema umembloki kwa sababu hakomi kukusema mbele za watu. Sawa. Kisha ukasema kwamba, kwa kuwa wewe ndiye admini, umewaagiza wenzako wasimjibu neno lolote, na mwisho wa wiki unamtoa kundini kabisa. Hapo shangazi yako nilikaa vizuri kitini. Ngoja nikuambie jambo ambalo baba yako hajawahi kukusimulia, maana mimi mwenyewe nilimwomba asilisimulie.

Miaka ile ya tisini nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili. Pamba ilikuwa imetuangusha kule kwetu Samuye, nami na mdogo wangu Shija, ndiye baba yako, tukaenda kutafuta maisha kwenye kambi ya wachimbaji, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Katoro. Yeye alishuka maduarani, maana ndivyo tulivyoyaita yale mashimo ya dhahabu. Mimi nilipika ugali na maharage, na siku nzuri dagaa. Nilikuwa na sufuria kubwa na mdomo mkali, na vyote viwili vilijulikana kambi nzima.

Katikati ya kambi palikuwa na pipa tupu la dizeli, limepinduliwa. Kila asubuhi, kabla watu hawajashuka, mwenye neno alipanda juu yake akalisema: fulani amefiwa, fulani kapotelewa na sululu, duara fulani limejaa maji. Pipa lilikuwa na sheria zake. Ukipanda unasalimu kwanza kwa Kisukuma, "Mwangaluka," na akikuitikia hata mtu mmoja tu kwa neno hilohilo, una ruhusa ya kusema. Ukisalimu mara tatu usiitikiwe, unashuka kimya. Tena, kutania watu pale juu kuliruhusiwa, lakini kutania habari za duara hakukuruhusiwa kabisa; aliyethubutu alifukuzwa kambini siku hiyohiyo. Kwa hiyo neno la duara likitoka juu ya pipa, watu walilitii bila kuuliza maswali.

Sasa alikuwepo mchimbaji mmoja, Maganga, mtu wa mzaha kuanzia nywele hadi kucha. Huyu alikuwa amesikia kwamba nilichumbiwa kule nyumbani, kwamba mchumba alibadili nia, na ng'ombe wa mahari wakarudishwa kwao. Hakuwahi kunitaja jina. Alikuwa akimaliza tu maneno yake juu ya pipa kwa kulia kama ng'ombe anayerudi zizini. Mbuuu. Watu walicheka hadi kushika mbavu, nami nikisonga ugali huku machozi yakinishuka, nikisingizia moshi. Ikawa ndiyo asubuhi yangu, siku baada ya siku. Iliniuma sana, mwanangu, na hata leo sitasema kwamba ulikuwa utani tu.

Nikaenda kwa mzee wa kambi, Baba Milembe, nikapiga goti nikamwamkia, nikamwomba ampige Maganga marufuku kupanda pipa. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Binti yangu, uchungu wako nauona," akasema. "Wewe usimwitikie. Akija jikoni kwako mfukuze, jiko ni lako. Na huo mlio wa ng'ombe nitausema mimi. Lakini pipa si lako, na wala si langu. Siwezi kumziba mtu mdomo kambi nzima kwa kuwa mmoja wetu hataki kumsikia."

Nilitoka pale nimefura. Niliona kamtetea mwanamume mwenzake. Kesho yake Baba Milembe akaondoka kwenda msibani Geita kabla hajazungumza na Maganga, nami nikaamua kuyamaliza kwa mkono wangu. Wakati wa kupakua nilimwambia kila mmoja, upawa nimeuinua: "Atakayeitikia salamu ya Maganga, chakula changu akisahau." Wachimbaji, mwanangu, wanashuka shimo wasiloliona mwisho wake, lakini njaa wanaiogopa, na jiko jingine lilikuwa mbali.

Siku ya kwanza Maganga akapanda, akasalimu mara tatu, kimya. Akashuka akicheka, na alipopita jikoni akalia mbuuu. Siku ya pili kimya tena. Alilia mbuuu, ila kicheko hakikuwepo. Mimi nilifurahi, siwezi kukudanganya. Nilijiona mkuu wa wilaya.

Siku ya tatu tuliamkia matope, mvua kubwa ilikuwa imepiga. Maganga aliwahi duarani kutazama maji, akakuta matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta, yamepasuka, na udongo unadondoka nyuma yake. Lilikuwa duara alilofanyia kazi baba yako. Akamkimbilia msimamizi wa duara, msimamizi akacheka, akamwambia, "Maganga wewe ni mtu wa mchezo. Kaseme juu ya pipa, ndipo tutakuamini." Hayo niliyajua baadaye. Mimi nilichokiona ni Maganga akija mbio, matope hadi magotini, akipanda.

"Mwangaluka."

Kimya. Watu walitazama miguu yao, na wengine wakanitazama mimi.

"Mwangaluka."

Niliushika upawa wangu vizuri.

"Mwangaluka jamani," akasema, na sauti ikamkatika. Hakuna aliyefungua kinywa. Akashuka.

Najua unataka kuuliza kwa nini hakupiga tu kelele. Nami nilimuuliza baadaye. Alisema alijua kwamba neno lisilo la pipa lingechukuliwa kuwa mzaha mwingine wa Maganga, na kweli ndivyo ilivyokuwa. Alikimbilia mdomo wa duara akaikumbatia kamba ya kushukia, wenzake wakambandua huku wanacheka. Watatu walikuwa wameshashuka. Baba yako alikuwa anajifunga kamba kiunoni, zamu ilikuwa yake.

Mimi nilikuwa narudi kwenye maharage yangu nikiwa nimeridhika, ndipo nikahisi kuna kitu kimepungua. Maganga alikuwa amepita mbele ya jiko langu na hakulia mbuuu. Nikainua macho, nikamwona kule kwenye kamba, uso umembadilika kabisa. Nikaogopa, mwanangu. Upawa ukanidondoka kwenye majivu, nikapaza sauti ambayo sikujua ninayo.

"Mwangaluka, Maganga! Mwangaluka!"

Kambi yote ikageuka. Sheria ilitaka mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa mimi. Msimamizi mwenyewe akaachia kamba kusikiliza. Maganga hakufika hata juu ya pipa sawasawa, akashika ukingo wake kwa mkono mmoja akasema, "Matimba yamepasuka. Msishuke. Shija, fungua kamba. Watoeni walio chini." Hakuna aliyecheka tena. Wale watatu walivutwa mmoja mmoja, wa mwisho akilalamika kwamba ameacha kiatu chake.

Maharage yalikuwa hayajaiva duara lilipojifunga. Halikutoa hata sauti kubwa, ardhi ilinywea tu, na pale palipokuwa na shimo pakawa na tope. Watu walihesabiana, wakarudia kuhesabiana, na hakuna aliyepungua. Niliketi palepale kwenye matope nikicheka na kulia kwa pamoja, nimemshika baba yako sikio, naye anapiga kelele kwamba nitaling'oa. Sijapata kutua moyo namna ile, si kabla wala baada.

Baba Milembe aliporudi nilimweleza yote mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu. Nilitegemea anifukuze kambini. Hakuinua sauti. Aliuokota upawa pale jikoni, akaufuta kwa kanga iliyokuwa kwenye kamba, akanikabidhi.

"Huu ni wa kupakulia," akasema.

Asubuhi iliyofuata alimsimamisha Maganga mbele ya pipa, akamwambia kwamba mlio wa ng'ombe umekwisha, na aibu ya mtoto wa mtu haitapandishwa tena pale. Maganga akainamisha kichwa, na sikuusikia tena.

Hapana, sikuolewa naye, acha kutabasamu. Sikumpenda hata siku moja. Nilimpakulia vizuri, tena na nyongeza, kwa ajili ya baba yako. Alipopanda pipa akasalimu, niliitikia na wengine. Aliposalimu jikoni kwangu kutaka maongezi, nilinyamaza, naye alielewa akaenda zake. Tuliishi hivyo hadi nilipoondoka kambini, na sote wawili tulikuwa na amani.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Simu yako ni jiko lako. Mfungie mlango huyo kijana, usione haya, na asitokee mtu wa kukuambia uvumilie matusi ili uonekane mwema. Akikutukana kundini, waite wakubwa wa kundi wamkanye na tusi lake lifutwe mbele ya wote. Lakini kundi la kijiji ni pipa. Wapo wanaomsikia bila kuumia, na ipo siku atakuwa na neno ambalo hakuna mwingine aliyenalo. Usiwafanye watu wote kuwa viziwi kwa sababu sikio lako limechoka. Uadmini uliopewa ni upawa, mwanangu. Rudi uwaambie wenzako kwamba kila mtu ana sikio lake, anayetaka kumjibu amjibu. Wewe endelea kunyamaza, ni haki yako.

Kama ningechelewa kidogo tu kuitikia asubuhi ile, usingekuwepo leo wa kuniuliza.

Nenda salama. Mungu akukinge na midomo ya watu, naye aulinde na wa kwako. Na kila utakaposimama mbele za watu ukasalimu, asikosekane hata mmoja wa kukuitikia.