Kanzu Isiyo na Fundo

Mficha uchi hazai, na mimi nimezaa saba, basi niacheni niseme. Wajukuu wangu hunisifu mbele ya wageni: nyanya yetu ndiye msichana wa kwanza kukalia mashine ya kushona katika mtaa wetu hapa Kasongo. Ni kweli, nilikalia. Lakini kiti kile nilikipata kwa kunyamaza, na kila wanaponisifu masikio yananiwaka.

Wakati ule Wabelgiji walikuwa wangali wanatawala. Mtoto wa mtaa wa msikitini hakuwa na shule. Shule zilikuwa za mapadri, na aliyetaka kuingia alipaswa kubatizwa kwanza. Wazazi wetu walisema aka, hapana, mtoto wetu atabaki na jina lake. Wavulana walisoma Kurani, kisha wakafuata baba zao kulima pamba ya lazima. Sisi wasichana tulingoja kuolewa. Bulamatari, yaani serikali ya Wabelgiji, alitujua siku ya kodi na siku ya kupima pamba, basi.

Ndipo wamama wa mtaa wakaunda chama. Hakikuwa na karatasi wala muhuri. Walilima shamba moja la mpunga ng'ambo ya soko, kila nyumba ikitoa mtu mmoja kila Alhamisi asubuhi, na mchele wa misimu miwili ukaleta mashine moja nyeusi ya kuzungusha kwa mkono. Mkubwa wao alikuwa mjane mrefu, sauti yake ilisikika hadi sokoni, nasi tulimwita mama mukubwa. Siku ya kwanza alituketisha wasichana wanane barazani kwake akasema, "Mutoto asiye na shule si mutoto asiye na akili. Mupeni kazi ya mikono, mutaona."

Walimwomba mzee mmoja fundi wa sokoni atufundishe. Mwaka mzima hakuturuhusu hata kugusa mashine. "Mashine inaficha mukono mubaya," alisema, huku akinusa tumbaku yake. Kwa hiyo tulishona kwa sindano, vidole vikatoboka, tukazoea.

Sasa nifike kwa mwenzangu niliyemkosea. Alitoka upande wa Kabambare. Kibangubangu kilikuwa lugha yake ya kwanza, Kiswahili chake kilijikwaa, na sisi wa mjini tulimcheka hadi akajifunza kutucheka na sisi. Mguu wake mmoja ulikauka kwa homa ya utotoni, akawa anatembea kwa fimbo. Alilelewa na nyanya yake, ambaye kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake na kuwashonea sanda. Nyanya huyo aliposikia habari za chama cha Kasongo, alimpandisha mjukuu wake kwenye kamio, lori la pamba, na kuku mmoja mkononi wa kumpa mama mukubwa. Alimwambia, "Pamba hutaweza. Nenda ukashike kazi ya kukaa." Na mashine ile ilikuwa ya mkono, haikutaka miguu. Ungesema ilinunuliwa kwa ajili yake.

Alikuwa na mkono, yule! Mishono yake ilikuwa midogo kama punje za mtama, imenyooka, hata fundi aliisogeza karibu na macho akaguna. Kilema chake cha kazi kilikuwa kimoja tu. Sindano aliijulia kwenye sanda, na kwa nyanya yake, kama kwetu, uzi wa sanda haupigwi fundo, ili marehemu aende bila kitu cha kumshika. Vidole vyake vilikuwa vimejifunza hivyo kabla ya akili yake. Kila alipotunga uzi mpya alianza kushona bila kufunga mwisho wake, na mshono wa namna hiyo unasimama vizuri mpaka uvutwe.

Mimi nilikaa upande wake wa kulia. Nikimwona anaanza, namnong'oneza, "Fundo!" Anacheka, anatoa ulimi, anafunga. Kutwa nzima ilikuwa hivyo, fundo, fundo. Fundi akanipa jina, muadhini. "Muadhini ameamka?" alikuwa akiuliza asubuhi. "Basi tunaweza kuanza."

Katika mwaka huohuo mama yangu alifariki. Kifua kilimbana siku tatu tu. Mshona sanda wa mtaa wetu alikuwa Nyangwe kwenye msiba mwingine, na watu walikuwa wanatazamana. Mwenzangu aliingia na fimbo yake, akakaa mkekani, akaomba kitambaa na sindano. Nikakaa pembeni yake. Alipotunga uzi, mdomo wangu ulisema wenyewe, kwa mazoea, "Fundo." Akaweka mkono wake juu ya wangu. "Leo hapana, yaya," akasema, maana aliniita hivyo, dada mkubwa. "Mama aende bila kushikwa." Hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Siku ile nilimpenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja.

Ninyi mnaosoma, likumbukeni hilo, kwa sababu mimi nililisahau.

Maulidi ilipokaribia, mama mukubwa alitutangazia mtihani. Kila msichana atamshonea mtoto mmoja wa mtaa kanzu, kwa sindano, bila mashine. Watoto watazivaa siku ya Maulidi, na mwenye kanzu bora ndiye atakayekabidhiwa mashine. Atashonea watu wa soko, ale jasho lake, na awafundishe wadogo watakaofuata. Wengine watapewa sindano na mkasi, warudi kwao.

Kwangu mimi, kwetu kulikuwa na baba, na mchumba alikwisha kuulizia. Nisingelala njaa. Yeye angerudi Kabambare, kwenye sanda. Aliniambia tukiwa tunafua, "Nikikosa hii mashine, yaya, nitazeeka pamoja na wafu." Alilisema kwa kucheka, lakini mikono yake ilisimama katika maji. Nilijua. Mtu asinitetee kwamba nilikuwa mtoto. Nilijua.

Tulipewa asubuhi tatu. Fundi alikataza maneno: hakuna kusaidiana, kila mtu na kitambaa chake. Tulikaa mahali petu palepale pa siku zote. Asubuhi ya tatu nilitazama kanzu yangu, nikatazama ya kwake, na moyo ukaniuma. Yangu ilikuwa nzuri. Yake ilikuwa ya kupelekea sultani. Kola ilikuwa imekaa, pindo limekaa, zilibaki mikono na ubavu.

Akatunga uzi mpya. Akaanza mkono wa kushoto bila fundo.

Niliona. Naye akainua macho kunitazama, kama alivyofanya kila siku, akingoja. Sikuhitaji hata kusema. Ningekohoa, angeelewa. Ningegusa mwisho wa uzi wangu, angeelewa. Mimi nikashusha macho kwenye kanzu yangu, nikajiambia fundi amekataza. Mwongo mkubwa mimi! Yeye akatabasamu, akaendelea. Mwaka mzima nilikuwa nimemzoeza kuuamini mdomo wangu, kwa hiyo nilipokaa kimya alijua fundo lipo. Alimaliza mkono wa kushoto, akamaliza wa kulia, akashuka ubavuni, na kila alipotunga uzi alinitazama, na kila aliponitazama mimi nilikuwa na kazi.

Ulikuwa wivu. Nimetafuta jina jingine miaka yote hii, sijalipata.

Siku ya Maulidi, kanzu yake ilivaliwa na mjukuu wa mama mukubwa, mtoto wa miaka minne. Wanaume walitangulia na dufu, wamama na watoto nyuma. Wamama walikuwa wanazishika kanzu moja moja wakisifu, na hiyo ndiyo iliyosifiwa kuliko zote. Mtoto akasikia raha, akaanza kurukaruka kufuata ngoma. Mkono wa kushoto ukaanguka. Watu wakacheka. Ukafuata wa kulia, ubavu ukafunguka hadi kiunoni, wakacheka zaidi.

Mama mukubwa aliuokota ule mkono. Akavuta uzi, ukatoka wote mkononi mwake. Akautazama mwisho wake, kicheko kikakatika. Hakukuwa na mama pale ambaye hajazika mtu.

"Mama yangu wee! Huyu amemushonea mujukuu wangu sanda!"

Mtoto alinyang'anywa nguo barabarani, akabaki uchi analia. Mmoja akasema mulozi, mchawi. Wa pili akasema mkono ule umezoea maiti, mwezi gani ule ulimshonea fulani, na fulani huyo alikuwa mama yangu. Mwenzangu alisimama katikati yao ameishika fimbo kwa mikono miwili.

"Hapana, mama, nilisahau tu," alisema. "Muulize yaya huyu. Kila siku ananikumbusha. Yeye anajua mikono yangu."

Wote wakanigeukia. Kanzu yangu ilikuwa pale mbele yangu, mwilini mwa mtoto wa jirani, nzima.

"Sijui," nikasema. "Miye nilikuwa nashona yangu."

Hakunitukana. Alinitazama kama mtu aliyevuta uzi akakuta haukushika, akageuka, akaondoka akichechemea. Alfajiri ya kesho yake walimpandisha kwenye kamio la Kabambare.

Fundi alikuwa mbele na wanaume, hakuyaona. Alipoelezwa kesho yake asubuhi alinijia nyumbani. "Hukumwambia?" aliniuliza. Nikamjibu, "Wewe ulikataza maneno, mzee." Alikwenda mbio kwa mama mukubwa kumweleza kwamba ni mazoea ya vidole tu, lakini kamio lilikuwa limekwisha kuvuka mto. Mama mukubwa alikaa barazani siku ile hajibu salamu. Hakuwa mtu mbaya, aliogopa, na hofu ya bibi kwa mjukuu wake naijua sasa. Lakini chama chake kiliundwa kwa ajili ya mtoto kama yule hasa, ambaye hakuwa na shule wala shamba wala mguu, na ndiye tuliyemfukuza. Fundi hakuniita muadhini tena.

Mashine nikapewa mimi. Siku ya kwanza fundi alinionyesha uzi wa juu na uzi wa chini, jinsi zinavyoshikana chini ya sindano. "Hii haitaki kukumbushwa," alisema bila kunitazama. "Inajifunga yenyewe." Nikazungusha mara mbili tatu, kisha mkono ukagoma. Kwenye mashine ile, mwenzangu asingemhitaji mtu yeyote wa kumwambia fundo. Nilianza kulia. Wamama wakadhani ni furaha, wakapiga vigelegele.

Chama kiliendelea. Wasichana wengi walipita mikononi mwangu, wengine wakapata mashine zao Nyangwe na kwingineko, na wakinikuta njiani wananishukuru mpaka natamani kubadilisha njia.

Miaka ilipita, maneno ya uhuru yakaanza kusikika, nami nikapata ujasiri wa kupanda kamio la Kabambare. Nilimwambia mume wangu nakwenda kuuza nguo za watoto. Njia ile mbovu ilinipa muda mrefu, na njia nzima nilipanga maneno ya kuomba msamaha. Niliyapanga vizuri, nikayarudia hadi nikalia kidogo.

Nilimkuta barazani kwa marehemu nyanya yake, mguu ameunyoosha, kitambaa cheupe kimemjaa mapajani. Mzee mmoja wa pale alikuwa amefariki asubuhi ile, na ndugu zake walikuwa wamekaa kuzunguka baraza, kimya, wakitazama sindano. Aliinua macho akanitambua. Hakushtuka.

"Karibu, yaya. Kaa," alisema. "Sindano nyingine iko pale. Chukua upande ule, maiti anangoja."

Nilikaa. Maneno yangu yote niliyaacha kwenye kamio. Nilitunga uzi, na vidole vyangu, vilivyofunga mafundo miaka yote ile bila kuniuliza, vikashika mwisho wa uzi vikausokota, vikafunga. Nikaipeleka sindano kwenye sanda.

"Fundo," alinong'ona.

Alisema palepale, hata kabla sindano haijagusa kitambaa. Watu walikuwa wengi pale barazani. Angeweza kunyamaza.

Nikalikata lile fundo kwa meno, nikashona.