Leo nimembeba mama hadi kwenye bajaji

Mlioniuliza mwanamke wa miaka hamsini ananyanyua vyuma ili apigane na nani, someni hii.

Asubuhi, nyumbani Mshangano, homa ilimzidi mama. Miguu ikakataa kabisa.

Bajaji ya kumpeleka hospitali iliishia barabarani. Njia ya kwetu ni matope matupu.

Mume wangu alisimama mlangoni. Mama ni mkwewe, hawezi kumshika. Majirani wako shambani.

"Ngoja nikatafute vijana," akasema.

"Wa nini?"

Vyuma vyangu ni makopo mawili ya saruji na bomba katikati. Sinywi unga wa kujaza misuli, sichomi sindano. Nakula maharage, mayai na dagaa, nalala mapema.

Nikachuchumaa, nikakaza tumbo, nikamnyanyua.

"Utaniangusha, mwanangu!"

"Tulia, mama. Makopo yangu ni mazito kuliko wewe."

Sikumwangusha. Sasa yuko kwenye dripu, anadai uji.

Mume wangu, aliyekuwa akiniita baunsa, ametuma ujumbe: "Mvua imeanza. Makopo yako nimeyaingiza ndani."

Nimemjibu ayarudishe uani mvua ikikatika. Kesho nanyanyua palepale, mnaponiona wote.