Cobol Upande Huu wa Sirari

Nilikuja Itiryo kwa wiki mbili tu, kumuuguza tata. Ndivyo tunavyomwita baba kwa Kikurya. Nilikuwa na begi dogo, magauni matatu, na ruhusa ya siku kumi na nne kutoka ofisi ya usafirishaji kule Nairobi, nilikokuwa naandika programu za kompyuta kwa lugha ya Cobol. Siku ya tisa redio ikatangaza kwamba mpaka wa Tanzania na Kenya umefungwa.

Sikuamini. Asubuhi iliyofuata nikadandia lori hadi Sirari, mpakani. Kizuizi kilikuwa kimeshushwa, na askari aliyesimama pale akaniambia nirudi nyumbani.

"Afande, mimi nafanya kazi Nairobi. Jumatatu natakiwa ofisini."

"Dada, mke wangu yuko Isebania, pale," alisema, akinionyesha mabati ya upande wa pili. "Alikwenda kununua sukari. Kama ningekuwa na uwezo wa kumvusha mtu, si ningeanza na yeye?"

Tata akapona. Akarudi kwa ng'ombe wake, na mimi nikabaki nimekaa nyumbani kama ndiye mgonjwa. Mwisho wa mwezi mwenyekiti wa kijiji akaniita, maana kila mkazi alitakiwa awe na kazi inayojulikana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua kazi gani, binti?"

"Naandika lugha ya kompyuta."

Akafikiri. Hakuwa akinicheka. "Lugha hiyo inazungumzwa wapi?"

"Nairobi."

"Basi huku utalima," akasema, akaandika jina langu kwenye orodha ya shamba la mahindi la kijiji.

Nililima misimu miwili. Kutoka shambani niliviona vilima vya Kenya vizuri kabisa, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Kule Nairobi, kila ofisi niliyoijua ilitumia Cobol: reli, posta, bima. Nilidhani ndiyo lugha ya kompyuta zote za dunia. Upande huu serikali ilikuwa imezuia mashine hizo zisiingizwe nchini, na wilaya yetu nzima ya Tarime sikumjua mtu aliyewahi kuiona hata moja. Wakati mwingine, jembe mkononi, nilijikuta natunga mistari ya programu kimoyomoyo. Mama aliniuliza kwa nini midomo inacheza. Nikamwambia nasali.

Padri wa parokia yetu ndiye aliyeniletea habari kwamba kule Serengeti kuna mtafiti wa Kizungu, mama mmoja anayehesabu nyumbu, anatafuta mtu anayejua kompyuta. Nikamwomba mwenyekiti barua ya ruhusa ya kusafiri. Siku tatu baadaye nilikuwa Mugumu, na kutoka hapo gari la utafiti likanichukua.

Yule mama alifurahi kuniona, mpaka alipouliza najua lugha gani.

"Cobol."

Uso ukamshuka. "Sisi watu wa sayansi hatuitumii hiyo. Ni Fortran tu. Na mashine yenyewe iko Ulaya, tunapeleka karatasi kwa ndege."

Nikaona shamba la mahindi linanisubiri. Nikamwambia, "Mama, nipe kitabu na wiki tatu."

Akanipa. Nilisoma kwenye chumba cha mabati chenye joto kali, nikaandika kwa penseli kwenye karatasi zenye visanduku themanini kila mstari, herufi moja kila kisanduku. Hatukuwa na kitu kingine cha kuandikia wala kusahihishia zaidi ya penseli na kifutio. Programu ilikuwa ya kujumlisha nyumbu walioonekana kwenye picha zilizopigwa kutoka angani. Karatasi zikaenda Ulaya. Tukasubiri miezi miwili.

Majibu yakaja kwenye bahasha nene: kurasa za makosa, na jumla ya nyumbu hakuna. Mistari yangu karibu yote ilikuwa imekataliwa. Nilipoitazama nikaligundua kosa langu. Kwenye Cobol kila sentensi hufungwa kwa nukta. Fortran haitaki nukta mwishoni. Mkono wangu, kwa mazoea ya Nairobi, ulikuwa umeziweka kila mahali, na macho yangu yalikuwa yamezipita.

Yule mama hakunigombeza. Alisema tu, "Miezi miwili," akatoka nje. Ningefurahi kama angenipigia kelele.

Nikazifuta moja moja. Nikaipitia kazi mara nne, mara ya nne nikianzia mwisho kurudi mwanzo. Ilipokwenda Ulaya na kurudi tena, jumla zilikuwepo, kila eneo na hesabu yake. Yule mama akanishika mabega akanitikisa, na sote tukacheka kama wendawazimu. Kwa siku chache nilisahau kabisa kwamba nimefungiwa. Kisha utafiti ukamalizika, akaondoka, na mimi nikarudi Itiryo.

Mpaka ulifunguliwa baada ya miaka karibu saba, nikiwa nimeshakuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi. Nikaomba ruhusa, nikapanda basi hadi Nairobi, hadi ofisi ileile. Cobol walikuwa bado wanaitumia, lakini karatasi zilikuwa zimetoweka. Walikuwa wakiandika moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta. Mkuu wa kitengo, mwanamke niliyeanza naye kazi siku moja, aliniweka mbele ya mashine. Nikaandika mstari mmoja, nikakosea, nikageuka kumwuliza namna ya kufuta.

"Utazoea," akasema kwa upole. "Tutakuanzisha pamoja na wanaojifunza kazi."

Nilimshukuru, nikamwambia nitafikiri. Nililala kwa ndugu siku mbili bila kutoka nje. Siku ya tatu nikapanda basi la kurudi. Hakuna aliyenizuia popote njiani, na nililia kutoka Kisii mpaka Sirari. Jumatatu nilikuwa darasani, nikifundisha kugawanya kwa njia ndefu.