Amina ya Benchini

Asubuhi moja kwenye benchi la hospitali hapa Arusha, mzee mmoja wa mtaa wa Sakina, ambaye mkewe alikuwa amelazwa, alisimama, akavua kofia na kuomba kwa sauti: “Asante Bwana, leo hajalia kwa maumivu.”

Nesi alitoka wodini akamkuta amefumba macho. Akasubiri. Sisi wa benchini tukaitikia amina.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Bado amelala?”

“Amepumzika, baba.”

“Ndiyo, nimeshashukuru,” akajibu akitabasamu. Kisha akaona machozi ya nesi, akaelewa kuwa hana mke tena. Akaketi taratibu.

Tumefundishwa kushukuru kwa kila jambo. Siku hizi nikishukuru, nafumbua jicho moja nione kama kuna mtu anasubiri nimalize.