Siku Baba Yako Alipomwita Kaka Yake Nyoka

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, tukikaa Nyamirambo, miaka michache baada ya kurudi nchini kwa wazazi wetu kutoka Bujumbura, uhamishoni tulikozaliwa. Nilikuwa bado sijaolewa, na mimi ndiye niliyepakua chakula. Nakuhadithia kwa sababu jana nilisoma kwenye kundi letu la familia ulichomwandikia binamu yako, mlipobishana juu ya serikali na makanisa. Umemwita adui wa Mungu. Tangu hapo moyo wa shangazi yako haujatulia.

Baba yako Yohana alikuwa kijana. Alikuwa ameacha misa za babu yako na kujiunga na kikanisa cha maombi kule Nyakabanda, chumba kimoja cha matofali ya udongo ukingoni mwa mteremko. Mvua zilikuwa zimekula msingi wake. Kaka yetu mkubwa, Silvestri, alifanya kazi ofisi ya sekta, serikali ya mtaa, na wiki ile yeye ndiye aliyetumwa kukifunga.

Walianza polepole, kama watu wanaoheshimu chakula. Silvestri alisema mamlaka yamewekwa na Mungu, hata Biblia ya Yohana inasema hivyo. Baba yako akamjibu kwamba mitume nao walikatazwa kuhubiri, wala hawakutii. Hapo palikuwa bado pazuri, mwanangu. Kila mmoja alikuwa na andiko lake, na babu yako alikuwa akila isombe yake, kisamvu chetu, huku akisikiliza. Kisha sauti zikapanda. Silvestri akawaita wale waumini wajinga wanaochezewa na mchungaji. Baba yako akasukuma sahani.

"Wewe ni nyoka," akamwambia kaka yake.

Babu yako hakuwa mtu wa hofu, lakini nilimwona akibadilika uso. Aliinuka, akafunga mlango, akafunga na dirisha, mchana kweupe, akabaki ameshika kitasa kana kwamba nje kuna watu. Niliweka sufuria chini. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Siku ile, mbali na yeye, hakuna aliyethubutu hata kuinuka.

"Nyoka habishani na mtu," babu yako alisema taratibu. "Nyoka anauawa. Ndugu zetu tuliowaacha hapa tulipokimbia, Yohana, waliitwa hivyo kwanza. Mapanga yalikuja baadaye."

Kisha akawaamuru kila mmoja aseme mwenzake anaogopa nini. Silvestri ndiye aliyeanza, akasema kwa taabu kwamba Yohana anaogopa wajane wanaosali pale watatawanyika, maana wengine hawana ndugu aliyebaki. Kisha baba yako akasema bila kumtazama:

"Anaogopa ukuta utawaangukia watu, ilhali yeye alijua ni mbovu."

Usidhani walikumbatiana. Baba yako aliondoka bila kumaliza kula, na Jumapili zilizofuata hakuja. Babu yako alisali rozari akiitazama barabara. Mimi nilishtuka kila pikipiki iliposimama nje, nikijiuliza kama neno likishatoka linaweza kurudi. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Kisha Jumapili moja baba yako akaingia, akamwomba kaka yake radhi kwa lile neno, ila si kwa imani yake. Silvestri naye akaomba radhi kwa kuwaita watu wajinga, akasogea kwenye benchi kumpa nafasi. Baadaye walikwenda pamoja kumwomba mwalimu mkuu wa shule ya jirani chumba cha wale waumini kusali. Juu ya siasa, hawajakubaliana mpaka leo.

Sikukatazi kuzungumza siasa, mwanangu, wala kumtetea Kristo. Zungumza. Lakini jibu hoja, na mtu mwachie jina alilopewa na wazazi wake. Usipojua mwenzako anaogopa nini, muulize kabla ya kumhukumu. Na huyo binamu yako mpigie leo, usimwandikie. Sauti hubeba huruma ambayo herufi haziwezi. Labda naogopa kupita kiasi. Nivumilie, mimi ni mzee, nimeona maneno madogo yakikua.

Mungu aulinde ulimi wako, akujalie ukweli usiokosa upole, na nyumba yako isipungukiwe na ndugu wa kubishana naye. Imana ikurinde, Mungu akulinde, mwanangu.